UZI: Tumeezeka upya nyumba ya babu na bado inavuja. Kabla hujang'oa paa lako, fuata maji kwanza

MtazamaPaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Jambo hili nimekaa nalo msimu mzima wa mvua. Naliweka hapa kwa sababu najua humu wamo wengi wenye nyumba za urithi huko mashambani, ambako mafundi wanaofika ni wachache na kila anayefika anaaminiwa.

Nyumba yetu ni ya babu. Kuta nene za mawe na chokaa, dohani ya matofali ya kutolea moshi upande wa jikoni, bati la migongo juu ya mbao ngumu ambazo hadi leo ukizipiga msumari unapinda. Chumba cha kati kilianza kuvuja. Tone moja, baadaye mawili, mwisho doa la rangi ya chai kwenye dari, upana wa sahani. Tukaita fundi. Hakupanda juu. Alisimama uani, akaitazama kutu, akasema paa limekufa, ling'olewe lote. Tukang'oa lote. Mvua ya kwanza baada ya kumlipa, tone likadondoka palepale.

Nilivyojisikia siku ile sitaki kurefusha. Mama alileta beseni lilelile akaliweka mahali palepale, hakusema neno.

Mvua iliyofuata nikapanda darini na tochi, nikalala kifudifudi juu ya ubao. Nilichokiona ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Tone halikuwa linaanguka kutoka kwenye bati. Lilikuwa linateremka chini ya tumbo la kenchi (mbao zinazobeba paa), pole pole, likiacha mstari mweusi kwenye mbao. Likafika kwenye kichwa cha msumari uliojitokeza, likasimama, likanenepa, ndipo likaanguka juu ya doa letu. Nikaufuata ule mstari mweusi kurudi juu. Hatua nne nzima. Ukaishia kwenye dohani.

Bati jipya lilikuwa limekutanishwa na matofali ya dohani kwa saruji iliyopakwa kwenye kona. Saruji imepasuka, ufa wa kuingiza kadi ya simu. Na hilo bati la zamani tulilolitupa, nimelikagua lilipo nyuma ya zizi: kutu ni ya juu juu, tundu halina hata moja.

Kwa hiyo ninalowaomba ni moja. Doa la dari linaonyesha maji yalipoishia safari. Yalikoanzia mtafute wenyewe kabla hamjamruhusu mtu kung'oa chochote. Wenye uzoefu karibuni, nahitaji kujua hiyo dohani inazibwaje sawasawa.

---

FundiNgazi

Pole sana mkuu. Mimi kazi yangu ni paa, na ulichokieleza nakutana nacho kila msimu. Katikati ya bati huwa hakuvuji mara nyingi. Maji yanaingia pale kitu kimoja kinapokutana na kingine: paa na ukuta, paa na dohani, miteremko miwili inapokutana kwenye bonde (wengine tunaita vale), chini ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa), na kwenye matundu ya misumari.

Saruji pale kwenye dohani haiwezi kudumu. Jua likipiga, bati linatanuka, jioni linajikunja. Dohani imetulia palepale. Saruji ni ngumu, haifuati yeyote kati ya hao wawili, kwa hiyo lazima iachie. Silikoni peke yake nayo ni ya muda tu, jua linaila.

Kazi ya kweli ni hii. Unakata flashingi, yaani bati la kukinga maungio, vipande viwili. Cha chini kinalala juu ya bati la paa na kupanda ubavuni mwa dohani kama sentimita 15. Cha juu kinachomekwa ndani ya ukuta: unachimba mfereji mwembamba kwenye maungio ya matofali, usichimbe tofali lenyewe, unaingiza ukingo wa bati, unakaza kwa vipande vya bati vilivyokunjwa, unaziba kwa chokaa. Kisha kinashuka na kukifunika kile cha chini bila kufungwa nacho. Hapo bati la paa linatanuka na kurudi, na maji hayapati mlango.

Upande wa juu wa dohani, maji yanakoteremkia na kugonga ukuta, ndiko kwenye shida kubwa. Kama dohani ni pana, jenga kigongo kidogo cha bati nyuma yake ili maji yagawanyike kushoto na kulia. Bila hicho, majani yanakusanyika pale, yanaoza, yanashika unyevu, na bati linaliwa kuanzia hapo.

Na tafadhali usipake saruji mbichi moja kwa moja juu ya bati. Inashambulia ile zinki inayolikinga bati na kutu.

---

Bi_Chokaa

FundiNgazi umesema vizuri, hasa hapo kwenye chokaa.

Mimi niongeze kuhusu kuta, maana watu wengi huona unyevu ukutani wakalaumu paa. Saruji ya Portland, ndiyo hii saruji ya kawaida ya leo, ilisajiliwa na Joseph Aspdin wa Uingereza mwaka 1824, na ilichukua miaka mingi kuenea. Nyumba ya mawe ya kabla ya hapo, na nyingi sana za baadaye, zimeshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo haukujengwa ili uzuie maji kabisa. Mvua ikipiga unakunywa kidogo, jua likitoka unapumua, maji yanatoka. Ndivyo ulivyosimama miaka yote.

Ukija kuupiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, umeufunga pua na mdomo. Maji yanayoingia kwenye ufa mdogo hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, yanasukuma chumvi, rangi inavimba malengelenge, lipu inabanduka vipande vipande na kuondoka na ngozi ya jiwe. Nimebandua lipu ya aina hiyo kwa mkono. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa kama sifongo, katikati ya kiangazi.

Kanuni ya kukumbuka: udongo wa kuunganishia lazima uwe laini kuliko jiwe au tofali. Kitu kikija kuharibika, iharibike chokaa, ambayo utaikwangua na kuijaza tena. Ukijaza saruji ngumu kati ya matofali laini ya zamani, kinachokufa ni tofali.

Chokaa inataka subira. Inaganda kwa kuvuta hewa ukaa taratibu, hivyo usiipige kwenye jua kali, inyunyizie maji, ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Fundi anayetaka kumaliza kesho hataipenda.

---

Mgeni77

Samahanini wakuu kwa kuingilia. Kwetu inavuja hata siku ambayo haijanyesha. Asubuhi tu, matone mengi madogo, sehemu nyingi, na saa nne yamekwisha. Bati ni jipya kabisa. Tumepaka lami kila msumari, haijasaidia. Je, nimeuziwa bati bovu?

---

FundiNgazi

Mgeni77, bati lako ni zima. Hilo ni jasho.

Usiku mbingu zikiwa wazi bati linapoa haraka kuliko hewa. Hewa yenye unyevu iliyoko darini, ya jikoni, ya kuoga, ya pumzi za watu waliolala, ikigusa tumbo la bati baridi inageuka maji. Jua likiwaka linakauka. Ndiyo maana ni sehemu nyingi kwa pamoja na ni asubuhi tu. Tundu la kweli linavuja mahali pamoja, na linasubiri mvua.

Angalia kama matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa yamezibwa. Watu huziba kwa sababu ya popo na ndege. Usizibe, weka wavu. Hewa iingie chini, ukingoni, itokee juu karibu na kofia. Kama moshi wa jikoni au mvuke wa bafu unaishia darini, upitishe kwa bomba hadi nje. Siku utakayoezeka tena, tandika karatasi ya kuzuia maji chini ya bati kabla ya kupigilia.

---

Mgeni77

Asante sana fundi. Ni kweli, mwaka jana tuliziba pembeni kote kwa sababu ya popo. Sikuwahi kuviunganisha hivyo viwili.

---

Mlinzi wa Jengo

Nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi na majengo ya kale muda mrefu, naomba nigusie yanayosahaulika.

La kwanza, msing'oe haraka. Hili si wazo langu. William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale Uingereza mwaka 1877, wakipinga mtindo wa kuvua majengo ngozi yake ya asili kwa jina la kuyarudishia uzuri. Walitaka matunzo ya kila siku: tengeneza kidogo, tengeneza mapema. Azimio la Venice la mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kutunza majengo ya kale, linasema kipande kinachojazia kilichopotea kiendane na jengo, lakini kitofautike na cha asili ili historia isidanganywe. Viwango vya serikali ya Marekani vya majengo ya kihistoria navyo vinataka kitu kilichoharibika kitengenezwe kabla ya kufikiria kukibadilisha. Kwa hiyo ukiwa na vigae kumi vilivyopasuka kati ya elfu mbili, badilisha kumi. Vile vizima ukivishusha virudishe upande unaoonekana, na vipya weka huko nyuma.

Kama nyumba yako au mtaa wako umeandikishwa kuwa wa kihistoria, omba kibali kabla ya kubadilisha aina ya paa, rangi yake, au hata mifereji. Nimeona mtu akilazimika kushusha paa zima alilokwisha kulilipia.

Wengine hudhani bati ni kitu cha juzi kisicho na thamani ya historia. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, mvumbuzi akiwa mhandisi Henry Palmer, na njia ya kulichovya kwenye zinki ikapewa hataza Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la Stanislas Sorel. Kuna majengo ambayo bati ndilo historia yenyewe, likiwa na migongo ya vipimo ambavyo havitengenezwi tena.

La pili, na hapa nawaomba muwe makini mno: kama paa la zamani ni la kijivu, la shiti nene zinazofanana na saruji, linaweza kuwa asbesto. Usilikate, usilitoboe, usilisugue kwa brashi ya waya, usilipige maji ya presha, usilivunje ili lishuke haraka. Vumbi lake halionekani na linasababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Shiti nzima iliyotulia haina haraka. Acha, pima, tafuta wenye vifaa na mahali halali pa kuitupa. Watoto wasichezee vipande vyake uani.

---

Tone kwa Tone

Mlinzi wa Jengo asante kwa hilo la asbesto. Nyuma ya nyumba yetu tuna rundo la shiti hizo, na kuku wanalalia. Kesho nazungumza na wazee.

Swali langu ni mifereji. Tuna gata upande mmoja tu, na ukuta wa upande mwingine umeota kuvu kijani hadi dirishani. Kuna uhusiano?

---

Bi_Chokaa

Uhusiano upo moja kwa moja. Piga hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa mvua ya milimita 30, limemwaga lita 3,600. Nusu yake, lita 1,800, inaangukia mguu wa huo ukuta wako usio na gata, inaruka na tope, inalowesha msingi. Ukuta wa chokaa hauna karatasi ya kuzuia unyevu chini yake, unayavuta kwenda juu.

Weka gata. Ipe mteremko wa kama sentimita 1 kwa kila mita 2 hadi 3 kuelekea kwenye bomba la kushuka. Ikilala sawa maji yanasimama, ikiteremka mno inaonekana imepinda na upande mmoja inaachana na ukingo wa paa, maji yanapita nyuma yake na kuozesha fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa). Bomba la kushuka lisiishie mguuni mwa ukuta. Lipeleke maji mbali, kwenye mtaro au tangi.

Safisha kabla ya msimu wa mvua na tena miti ikimaliza kupukutisha. Nyumba za mashambani zina miti juu ya paa, hilo ndilo linaloziua. Gata iliyoziba ni mbaya kuliko kutokuwa na gata, kwa sababu inamwaga maji yote mahali pamoja.

---

FundiNgazi

Niongezee metali. Usichanganye shaba na bati la zinki kiholela. Maji yakipita kwenye shaba yakadondokea bati, yanaila zinki ya bati lile. Nimeona mstari wa kutu ulionyooka kama umechorwa kwa rula, chini ya bomba moja la shaba. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo zinakula msumari wa kawaida, tumia uliochovywa zinki nzito au chuma kisichopata kutu.

Na kama nyumba ina madini ya risasi kwenye flashingi, au rangi ya zamani yenye risasi kwenye paa, maji ya mvua ya paa hilo si ya kunywa. Mwagilia bustani.

---

Tone kwa Tone

Shukrani wote. Lingine: jirani anataka kuinua vigae aweke bati, lakini anasema mteremko wa paa "unatosha kwa chochote". Ni kweli?

---

FundiNgazi

Kutoka vigae kwenda bati, mteremko unatosha. Shida ni kinyume chake. Bati la migongo linaweza kukaa kwenye mteremko wa nyuzi kama 10, yaani kila mita moja ya mlalo paa linapanda kama sentimita 18. Vigae bapa vya udongo vinataka mwinuko mkali zaidi, na paa la nyasi linataka kama nyuzi 45, mita kwa mita, la sivyo maji yanazama badala ya kuteleza. Ukiweka vigae kwenye kenchi za bati, utavuja, na uzito wake utazipinda mbao. Na ukienda kwenye bati ukumbuke kulifunga imara, maana ni jepesi, upepo unalinyanyua. Bati la migongo skrubu inapigwa juu ya mgongo, washa ya mpira (kile kipete chini ya kichwa cha skrubu) ibanwe bila kupondwa.

Ila amuulize Mlinzi wa Jengo kwanza kama vigae hivyo vinaruhusiwa kuondoka.

---

MtazamaPaa

Wakuu nimewasoma wote, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Narudi na mrejesho.

Kwanza tulifanya jaribio la mpira wa maji siku ya jua, ili tusikisie. Ndugu yangu juu na mpira, mimi darini na tochi. Tulianzia chini kabisa, kwenye ukingo wa paa, dakika kumi bila kusogea. Kavu. Tukapanda kidogo, dakika kumi. Kavu. Ukianzia juu maji yanalowesha kote na hujui yameingilia wapi, kwa hiyo subira ni lazima. Tulipofika ubavuni mwa dohani bado kavu. Maji yalipoelekezwa nyuma yake, upande wa juu, sikumaliza kuhesabu hadi ishirini nikaona matofali ya ndani yanang'aa. FundiNgazi, ni palepale uliposema.

Tumepata fundi mwingine. Anatoka mbali, kwa hiyo safari hii tuliandikiana: flashingi vipande viwili, unene wa bati umeandikwa, kuchomeka kwenye maungio na si kwenye tofali, chokaa na si saruji, kigongo nyuma ya dohani. Akapiga picha kila hatua kabla ya kuifunika, maana mimi sikuweza kuwa pale kila saa. Malipo tuligawa, sehemu ya mwisho ikabaki hadi mvua ipite. Alikubali bila kinyongo. Fundi anayejua kazi yake haogopi mvua.

Misumari iliyojitokeza darini tumeikata. Bati la zamani tumelitoa nyuma ya zizi, limeezeka ghala.

---

Bi_Chokaa

Hongera sana ndugu yangu. Na doa la dari mmelipaka rangi?

---

MtazamaPaa

Hapana Bi, tumeliacha makusudi. Mama amelizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni, ili tukiona unyevu umevuka mstari tujue. Mvua zimepita tatu tangu hapo, moja ya usiku kucha. Asubuhi yake nilimkuta amesimama chini yake, ameinua uso, anapapasa dari kwa kiganja. Akaniambia pamekauka, akalichukua beseni akaenda kuloweka nguo.

---

Mgeni77

Nasi tumefungua matundu ya pembeni na kuweka wavu. Asubuhi ya leo ni ya tano bila tone. Naomba kuuliza: jikoni kwetu kuna bomba la moshi la chuma lililopenya kwenye bati, na pembeni yake pamejazwa lami. Hapo nako nifanyeje?

---

FundiNgazi

Tuma picha, upande wa juu na upande wa chini. Na uniambie kama linapata moto sana, maana hapo mpira wa kawaida wa kuzibia hautafaa.